Jina la Nkambo Juu ya Kitambaa

Huku Kabondo-Dianda, nchini Kongo, mtoto kupewa jina la marehemu si habari. Mzee akizikwa, mwaka haujapinduka utasikia jina lake likiitwa tena uani, safari hii akiitwa mtoto mchanga aliye mgongoni mwa mama yake. Ilunga, Kasongo, Ngoie, Banza, Numbi: majina yetu Waluba yanazunguka ndani ya ukoo, yanaondoka na mtu na kurudi na mtu. Hilo wazee waliliwekea utaratibu wake. Lakini yaya yangu, binti wa mama mkubwa, ametuletea jambo ambalo bado halina utaratibu. Amedarizi vitambaa vya meza, foronya na vitambaa vya kufunikia chakula, vyote vikiwa na alama ya moyo, na angependa mkusanyo mzima uitwe kwa jina la nkambo yetu, mama aliyewazaa mama zetu.

Jina lenyewe sitaliandika. Ukoo haujamaliza kulizungumzia, na mpaka umalize, si juu yangu kulitoa nje. Ninachoweza kuandika ni yale ambayo ombi la yaya limenifanya niyafikirie, maana naliona ni zito kuliko linavyoonekana, na ni jema pia.

Nianze na kazi yenyewe. Yaya huchukua karatasi, huikunja katikati, huchora nusu ya moyo kwenye mkunjo na kukata. Akiikunjua, pande mbili zinalingana bila kupima. Karatasi hiyo huiweka juu ya kitambaa cheupe cha pamba, huizungusha penseli, kisha hukibana kitambaa katika fremu ya mviringo mpaka kikazike. Ukingo hushonwa kwa mshono wa mnyororo, kila kitanzi kikitokea ndani ya kitanzi kilichotangulia. Katikati hujazwa nyuzi zilizolala bega kwa bega. Wateja hupenda nyekundu, ila yeye ana mioyo ya kahawia na ya buluu iliyokolea, rangi za vikwembe ambavyo nkambo alivaa siku za kazi. Kigumu ni ile ncha ya chini. Hapo nyuzi nyingi hukutana mahali padogo, na mkono wenye haraka huacha donge. Mkono uliotulia hupitisha sindano kwa nyuma, chini ya mishono iliyokwisha kushonwa, na uzi hushika bila fundo.

Nkambo alikuwa na desturi ya kukigeuza kitambaa kabla ya kukisifu. Mbele hakupatazama mpaka aridhike na nyuma. Ufundi huo aliupata akiwa mke kijana wa mfanyakazi wa reli. Reli ya kampuni ya B.C.K. kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ilikamilika mwaka 1928, na kituo chetu kiko kwenye njia hiyo. Reli ilileta kambi za wafanyakazi, na kambi zikaleta foyer social, nyumba za mafunzo ambamo wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kufuma na kutunza nyumba kwa namna ambayo Wabelgiji waliiona ndiyo sahihi. Mafunzo hayo yalikuwa na dharau ndani yake, kana kwamba kabla ya hapo mama wa Kiluba hakujua nyumba ni nini. Hata hivyo sindano ilibaki mikononi mwao, na kwa sindano hiyo walifanya waliyoyataka wao. Mashuka ya harusi, vitambaa vya viti, nguo za watoto wa jirani aliyefiwa: nyumba nyingi za huku zilipambwa na kuvishwa na mikono iliyopita katika shule ile, na mikono hiyo ikawafundisha mabinti zao bila shule yoyote.

Alama ya moyo nayo ilifika na wageni. Umbo hili la mabega mawili na ncha moja, watu wetu walilizoea katika picha za Moyo Mtakatifu wa Yesu zilizotundikwa ukutani. Ibada hiyo ilipata nguvu kutokana na maono ya mtawa Marguerite-Marie Alacoque huko Paray-le-Monial, Ufaransa, katika miaka ya 1670, na sikukuu yake Papa Pius IX aliieneza kwa Kanisa zima mwaka 1856. Kwa hiyo anayeuliza kama umbo hili lilizaliwa kwetu ajibiwe wazi kwamba halikuzaliwa kwetu. Kilichokuwepo kwetu tangu zamani ni moyo wenyewe. Mluba anapotaka kumsifu mtu hasa, haanzi na sura wala mali. Husema ana mutyima muyampe, moyo mwema, na waliopo huelewa kwamba hakuna sifa iliyobaki nje. Msomi wetu Mutombo Nkulu-N'Sengha ameandika sana juu ya bumuntu, ule utu unaomfanya mtu awe mtu kweli, na katika fundisho hilo moyo una nafasi ya mbele, kwa kuwa ndipo mwenendo unapotoka.

Sasa, moyo wa kudariziwa unamfaa nkambo? Nilipoviona vitambaa mara ya kwanza nilipata mashaka. Nkambo hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikemea kwanza, akalisha baadaye. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kusema alimsikia akitamka kwamba anampenda. Samaki wa kukaushwa walipofika kutoka maziwa ya Upemba, aligawa vipande kwa mkono wake, na aliyefanya kosa siku hiyo alipata sawa na wengine, ila alipata pia hotuba. Bukari, ule ugali wetu, ikishaiva, sahani ya kwanza haikuja kwetu. Ilifunikwa kitambaa safi, ikapelekwa kwa mjane wa nyumba ya tatu, na mpelekaji alionywa asisimame njiani na asisubiri kushukuriwa. Tuliokuwa na njaa tuliiangalia ile sahani ikienda, na tulijifunza kitu ambacho wakati ule hatukukipenda.

Ndiyo maana kati ya vitu vyote vya yaya, ninavyoviona vinastahili jina ni vile vitambaa vya kufunikia chakula. Ni vya mraba, si vikubwa, vina moyo mmoja tu kwenye kona, na pembeni vimekunjwa mara mbili ili vivumilie kufuliwa. Foronya ni nzuri, kitambaa cha meza kinapendeza macho ya wageni, lakini mapendo ya nkambo yalipita chini ya kitambaa cha sahani. Mkusanyo ukianzia hapo, jina litakuwa limekaa mahali pake. Ukianzia kwenye mapambo ya kitanda, ukamwonyesha kama bibi mpole anayetabasamu kutwa nzima, jina lake litakuwa limepewa mtu mwingine tusiyemjua. Nimemwambia yaya hivyo, na naye alikuwa amekwisha kuliona kabla yangu.

Kutengeneza kitu kwa mkono kwa ajili ya aliyekufa si jambo geni katika nchi hii. Huko Sanga, kwenye Ziwa Kisale, watafiti walifukua makaburi kuanzia mwaka 1957, na mengi ya makaburi hayo ni ya kati ya karne ya 10 na ya 13. Ndani yake kulikuwa na vyungu vilivyofinyangwa vizuri mno pamoja na mapambo ya shaba. Vyungu vingi havikuwa na dalili ya kutumika jikoni, na katika makaburi ya watoto vilikuwa vidogo, vikilingana na umri wa aliyelazwa. Hilo la vyungu vya watoto hunisimamisha kila ninapolikumbuka. Mfinyanzi aliketi, akapima kwa jicho lake ukubwa wa uhai uliokatika, akafinyanga kiasi hicho. Majina ya wale watoto hatunayo. Lakini kazi ilifanywa kwa ajili ya mtu fulani, si kwa ajili ya yeyote, na karne zote hizi bado inaonekana hivyo.

Kuhusu majina yetu, kuna mgeni mmoja aliyesikiliza vizuri. Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, akaishi miaka mingi kati ya Waluba, na mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kikatoka Elisabethville. Kitabu kimelaumiwa, na lawama nyingine ni za haki: aliwaandikia Wazungu wenzake ili wajue namna bora zaidi ya kutustaarabisha, kana kwamba hilo lilikuwa limeombwa. Lakini alieleza kwamba Mluba ana jina la ndani, lile la kuzaliwa nalo, ambalo halimtoki. Majina mengine huja na cheo, na ubatizo, na hiari ya mtu, nayo yanaweza kuvuliwa. Jina la ndani halikuwekwa ili watu wawili wasichanganywe barabarani. Ndilo mtu mwenyewe. Baadaye Tempels huyohuyo alikuwa mwanzilishi wa Jamaa, ile jumuiya ya Wakatoliki iliyoenea katika kambi za wafanyakazi wa Katanga, ambayo ilifundisha mume na mke mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Wazee waliopita humo bado wanayataja hayo matatu kwa mpangilio huo, na hawayatenganishi. Kwao mapendo yasiyozaa chochote hayajafika.

Kama jina ni mtu mwenyewe, basi kulishona kwenye kitambaa si kupamba kitambaa. Ni kumleta mtu na kumsimamisha sokoni. Hapo ndipo uzito ulipo.

Wakubwa wetu waliujua uzito huo. Zamani mfalme wa Waluba akifa, makao yake yaligeuka kitenta, kiti cha kumbukumbu yake, na roho yake ilimkalia mwanamke aliyeitwa mwadi. Mwadi alikabidhiwa alama za enzi za marehemu, akaishi katika makao yale, na watu walimwendea kwa heshima waliyompa mfalme alipokuwa hai. Katika desturi hiyo naona jambo ambalo leo tunalipita haraka. Jina la mkubwa aliyekufa halikuachwa juu ya nyumba tupu. Lilipewa mtu wa kulibeba, na maisha ya mtu huyo yalibadilika kwa sababu ya kulibeba; hakuweza tena kuishi kama alivyoishi jana. Tena aliyebeba alikuwa mwanamke, hata kama jina lilikuwa la mwanamume mwenye vita na ushindi. Upande huu wa Kamina, anayeketi kwenye kiti cha Kasongo Nyembo huitwa Kasongo Nyembo kama waliomtangulia, na hakuna anayedhani kwamba amepewa jina hilo ili lisikike vizuri.

Tumewahi pia kuona majina yakirudishwa kwa amri. Mwanzoni mwa 1972 utawala wa Mobutu uliwataka raia wa Zaire waache majina ya ubatizo ya Kizungu na kushika ya mababu. Watu walilazimika kuyatafuta upesi majina ya nkambo zao, wengine kwa furaha, wengine kwa hofu ya ofisi. Katika makaratasi yetu mpaka leo kuna nafasi ya postnom, na wengi tunabeba humo mtu tusiyewahi kusimuliwa habari zake. Jina lililochukuliwa dirishani mwa ofisi na jina lililoombwa mbele ya wazee huweza kuandikwa kwa herufi zilezile, lakini hayana uzito mmoja.

Upande wa pili, kuna kazi za mikono zilizobaki na zikampoteza mwenyewe. Kaskazini-mashariki mwa nchi ya Waluba aliishi mchonga vinyago ambaye sura zake ndefu zenye huzuni zinafahamika duniani. Viti na sanamu zake vimo katika majumba ya makumbusho ya Tervuren, London na New York. Katika miaka ya 1930 mtaalamu Mbelgiji Frans Olbrechts alitambua kwamba kazi hizo ni za mtindo mmoja. Kwa kuwa baadhi yake zilichukuliwa kutoka kijiji cha Buli, mchongaji akaitwa Bwana wa Buli. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1970 ndipo wazee wa huko walipoulizwa, wakamtaja: Ngongo ya Chintu. Vitu viliuzwa na kusafirishwa kwa miongo mingi, bei ikipanda, na hakuna aliyekuwa amewauliza wenyeji swali rahisi kuliko yote. Kila ninaposoma kibao cha maonyesho kinachotaja kabila, kijiji na aina ya mti lakini hakimtaji mtu, naona nguvu ya hoja ya yaya. Anataka vitambaa vyake visafiri na jina tangu siku ya kwanza.

Na jina juu ya nguo linaweza kuheshimiwa. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887 lilijulikana kama Mali ya Abdulla, na maneno hayo pamoja na herufi K.H.E. yalichapwa kwenye pindo la leso zake. Kwa wanawake wa pwani pindo hilo limekuwa ushahidi wa kitambaa kizuri. Wanunuzi wengi hawakumjua Abdulla ni nani. Walijua tu kwamba jina lake halijawaangusha, na hiyo ni namna ya kumjua mtu.

Kwa hiyo mimi niko upande wa yaya, kwa masharti. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kutaja jina ni kuzaa tu. Sharti la kwanza ni ukoo uulizwe, na uulizwe ukiwa umeketi, si kwa ujumbe wa simu. Nkambo hakuwa wa yaya peke yake kwa sababu tu yaya ndiye aliyerithi mkono wake. Yupo binamu aliyerithi sauti yake, na yupo mwingine aliyemuuguza miezi yake ya mwisho, akamwosha, akamlisha, na huyo hajawahi kushika sindano maishani. Neno la huyu wa mwisho lingekuwa la kwanza, kama ningekuwa mimi ninayeongoza kikao.

Sharti la pili ni ukweli. Anayekinunua kitambaa kule kituoni, treni ikiwa imesimama na wachuuzi wakipita madirishani, ana haki ya kuuliza huyu aliyeandikwa hapa ni nani. Yaya anapaswa kuwa na jibu la mtu mzima: alikuwa mke wa mfanyakazi wa reli, alishona, alilima, alikuwa mkali, mjane wa nyumba ya tatu hakulala njaa. Akijibu tu kwamba ni bibi yetu tuliyempenda sana, amesema kweli, lakini kila bibi anaweza kusemwa hivyo. Mapendo yana ushahidi wake, na ushahidi ndio unaotofautisha moyo wa nkambo na mioyo yote mingine iliyochorwa kwenye vikombe na kadi.

La tatu ni fedha, na hapa naandika nikijua kwamba wengine hawatakubaliana nami. Sioni aibu yoyote katika kuuza. Nkambo mwenyewe aliuza, na bei zake hazikushuka kwa kubembelezwa. Fedha za sindano zililipa karo ya shule ya mama zetu. Wanaosema jina la marehemu lisiguse fedha wanasahau kwamba marehemu aliigusa fedha kila siku ili sisi tuwepo. Ninachokiona si haki ni jina lake kupandisha bei na faida isiende popote ambako yeye angeipeleka. Yaya amesema sehemu itakwenda kwa karo ya watoto wa ukoo waliofiwa na wazazi. Hakutaja kiasi, na sikumlazimisha. Nimemwomba tu akitaje mbele ya kikao, kwa sababu ahadi iliyosikika na wengi huwa na walinzi wengi.

Kuna kitambaa kimoja ambacho mama mkubwa alikirudisha. Moyo ulikuwa umenyooka, rangi zimekubaliana, lakini nyuma nyuzi zilirukaruka kutoka ua moja hadi jingine. Yaya alikaa akaufumua mchana kutwa. Hakuna mnunuzi ambaye angegundua. Lakini alikuwa ameomba jina la mtu ambaye angegundua, na nilipomwona akivuta zile nyuzi moja moja ndipo niliposhawishika kwamba ombi lake halikutoka kwenye tamaa ya soko.

Ukoo umekwisha kuketi mara moja, na swali gumu zaidi katika kikao hicho lilitoka kwa mjomba. Aliuliza: yaya akichoka kudarizi, au akifariki, jina linakwenda wapi? Linabaki kwa watoto wake kama mali ya duka, au linarudi? Yaya alijibu kwamba litarudi ukooni, na atakayelitaka atalazimika kuliomba upya, hata akiwa binti yake wa kumzaa. Vitambaa vitakavyokuwa vimekwisha kuuzwa vitabaki nalo huko viliko. Mjomba hakukataa na hakukubali. Ameomba apewe muda awaulize ndugu wa Bukama na wale wa Lubumbashi, kwa kuwa nao ni wajukuu wa mama yuleyule, na naona amefanya vema. Wakati huo yaya anaendelea kushona, na mahali pa jina, kwenye kona iliyo mkabala na moyo, anapaacha wazi.